Kaunta Isiyo na Mahali pa Kusema Sikubali: Serikali ya Uingereza na Mfumo wa Horizon wa Posta

Saa kumi na mbili jioni, karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, mama mmoja mwenye kibanda cha wakala hufunga hesabu yake. Huhesabu noti mara mbili, husoma salio la floti katika kila simu, hujumlisha, kisha hulinganisha jumla na mtaji alioanza nao asubuhi. Siku moja nikiwa nimekaa pale, hesabu ilipungua shilingi 20,000. Hakupiga kelele. Alifungua daftari lake la mkono, akashuka mstari kwa mstari akilinganisha na ujumbe wa simu, akakuta muamala mmoja ambao ujumbe wake haukuwa umeingia, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu neno moja: "bado". Kesho yake alifuatilia, na fedha ikaonekana.

Nimeanza na kibanda hiki kwa sababu kisa ninachokichambua kilitokea mbali na ziwa letu, lakini kilivunja maisha ya mamia ya watu katika dakika ileile ya kufunga hesabu. Ni kisa cha mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, ambao serikali ya Uingereza iliusimamia ili kuziondoa kaunta za posta ya taifa kwenye karatasi na kuziingiza kwenye kompyuta. Kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha programu mbovu, na programu ilikuwa na kasoro kweli. Mimi nakisoma zaidi kama kisa cha usimamizi, kwa sababu katika kila ngazi kulikuwa na msimamizi: wizara, Hazina, bodi, mkaguzi, Bunge. Walikuwapo wote, nao waliuliza mengi kuhusu gharama na tarehe, lakini hawakuhakikisha kwamba mtu wa kaunta ambaye hesabu yake haikukaa sawa, na anayeamini hakukosea, ana mahali pa kuliandika neno "bado".

Zabuni ya 1996

Katikati ya miaka ya 1990 Uingereza ilikuwa na ofisi za posta takribani 19,000, na sehemu kubwa ya ofisi hizo haikuendeshwa na waajiriwa wa posta bali na mawakala, yaani watu binafsi wenye duka kijijini au mtaani ambao ndani ya duka hilo waliweka kaunta ya posta kwa mkataba. Wastaafu na wapokeaji wa posho za serikali walilipwa hapo kwa vitabu vya malipo na hundi za karatasi, na wizi wa karatasi hizo uliigharimu serikali fedha nyingi. Idara ya Usalama wa Jamii ilitaka kadi yenye utepe wa sumaku ili kukomesha wizi huo, na shirika la posta lilitaka kompyuta katika kila kaunta ili lisipitwe na wakati. Mahitaji haya mawili yaliunganishwa katika mradi mmoja, chini ya mpango ambao ndani yake mkandarasi anatafuta mtaji mwenyewe, anajenga, kisha analipwa kadiri huduma inavyotumika.

Mei 1996 mkataba ulipewa kampuni ya ICL Pathway, iliyoundwa na ICL, kampuni ya kompyuta iliyokuwa chini ya Fujitsu ya Japani. Wazabuni wa mwisho walikuwa watatu, na katika vigezo vingi ambavyo upande wa posta ulivitumia kupima ubora, Pathway ilishika nafasi ya tatu. Ilishinda kwa bei na kwa kukubali kubeba hatari kubwa zaidi ya kifedha kuliko wenzake. Hapa ndipo ninapoona mbegu ya kwanza ya tatizo. Serikali iliamini kwamba hatari ikishaandikwa kwenye mkataba kuwa ni ya mkandarasi, basi imeondoka mikononi mwake, kumbe hatari ya mfumo wa hesabu haikai pale inapoandikwa. Huteremka hadi kwa yule asiye na nguvu ya kuirudisha juu, na katika mtandao huu huyo alikuwa wakala mwenye duka.

Mradi ulichelewa. Wenye mradi walikuwa wawili wasiotaka kitu kimoja, muda uliopangwa ulikuwa mfupi mno, na ugumu wa kazi ulidharauliwa, mambo ambayo Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza, ambayo kazi yake inafanana na ya CAG wetu (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), iliyaeleza katika ripoti yake ya mwaka 2000. Kufikia mwaka 1998 mjadala ulikuwa umefika juu kabisa. Desemba mwaka huo mshauri wa Waziri Mkuu Tony Blair, Geoff Mulgan, alimwandikia kwamba mfumo wenyewe unaonekana kuwa na kasoro, na Blair aliandika pembeni kwa mkono wake kwamba lazima uwepo msimamo ulio wazi juu ya jambo hilo. Swali hilo, la kama mfumo una kasoro au hauna, lilikuwa sahihi, na limenihuzunisha kila nilipolisoma, kwa sababu kilichofuata ni mazungumzo kuhusu gharama za kuvunja mkataba, kuhusu uhusiano na mwekezaji mkubwa wa Kijapani, na kuhusu hatima ya posta za vijijini. Hayo yote ni mambo ya haki kwa serikali kuyapima, lakini yaliliacha swali la Waziri Mkuu bila jibu la kitaalamu. Mei 1999 kadi ya malipo ilifutwa, idara ikajitoa, na posta ikabaki na kompyuta.

Mapokezi ya mfumo

Kabla ya mteja kuupokea mfumo hufanyika majaribio ya mapokezi, na kila kasoro inayoonekana hupewa namba. Katika majaribio ya mwaka 1999 kasoro iliyopewa namba 376 ilihusu uhakika wa hesabu zenyewe: taarifa zilizotoka kaunta hazikulingana kila mara na zilizofika kwenye vitabu vya makao makuu. Kasoro hiyo haikufichwa. Iliandikwa, ikajadiliwa na wanasheria wa pande zote mbili, kisha ikafanyiwa mkataba wa nyongeza uliokubaliana juu ya vipimo, viwango vya makosa vinavyovumilika na namna ya kufuatilia, na usambazaji ukaendelea mwaka 2000 hadi ukafikia matawi takribani 18,000.

Naomba msomaji atulie kidogo hapa, kwa sababu kwa maoni yangu huu ndio moyo wa kisa. Tuseme, kwa mfano tu, hesabu moja katika kila elfu ndiyo inayoharibika kila wiki. Kwa msimamizi aliyekaa makao makuu huo ni mfumo mzuri unaofaulu kwa zaidi ya asilimia 99. Lakini katika mtandao wa matawi 18,000 hiyo ni milango 18 kila wiki, yaani zaidi ya 900 kwa mwaka, ambako mtu anafunga duka jioni na kuambiwa na kompyuta kwamba fedha imepungua. Asilimia ilimhakikishia mnunuzi kwamba mtandao mzima unafanya kazi, lakini haikumsaidia kwa lolote yule aliyeangukiwa na ile moja kati ya elfu, na mkataba uliojadiliwa kwa makini namna ile haukumlinda yeye, kwa sababu hakuwa na upande katika mazungumzo hayo.

Mwaka 2000 pia yalianza kutumika mabadiliko ya sheria ya ushahidi nchini humo. Awali, aliyetaka kutumia taarifa ya kompyuta katika kesi ya jinai alipaswa kuonyesha kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo liliondolewa, na mahakama zikarudi kwenye dhana kwamba mashine inafanya kazi vizuri mpaka yule anayeipinga alete cha kuitilia shaka. Wakala wa kijijini angekileta wapi, ilhali kumbukumbu za ndani za mfumo zilishikwa na mkandarasi na mshtaki wake?

Kitufe cha mwaka 2005

Katika miaka ya mwanzo ya Horizon, kama ilivyokuwa enzi za karatasi, wakala aliyeona tofauti angeweza kuiweka kwenye akaunti ya muda wakati inachunguzwa. Hiyo ndiyo "bado" ya kalamu nyekundu. Mwaka 2005 mpango mwingine wa kuboresha ulibadilisha taratibu za kufunga hesabu, kutoka wiki hadi kipindi kirefu zaidi, na nafasi hiyo ya kuegesha tofauti ikaondolewa kwa mawakala. Kuanzia hapo, kipindi kikiisha na hesabu ikipungua, skrini ilimpa wakala njia za kulipa: aweke fedha taslimu, aweke hundi, au deni lihamishiwe makao makuu alilipe kutoka huko. Ndani ya mfumo hapakuwa na mahali pa kusema sikubali. Asipochagua njia mojawapo hawezi kufungua kipindi kipya, na asipofungua kipindi kipya kesho hahudumii wateja. Na akitia saini kwamba hesabu iko sawa ili duka lifunguliwe, saini hiyo hugeuka ushahidi wa kughushi hesabu. Wengi walishtakiwa kwa kosa hilohilo.

Mabadiliko haya yaliingia kama jambo la ufanisi, likiwa na hoja zake za kuokoa muda na fedha. Mtu akiusoma mpango wa namna hiyo kwa haraka atauona kuwa ni suala la kitaalamu lisilostahili muda wa bodi, sembuse wa waziri, na hiyo ndiyo sababu ninasema usimamizi uliangalia mahali pasipo. Mkataba wa zamani wa mawakala uliwawajibisha kwa hasara iliyotokana na uzembe au makosa yao wenyewe, lakini skrini iliwawajibisha kwa kila upungufu bila kujali chanzo. Programu ilikuwa imeubadilisha mkataba bila mtu yeyote kuketi mezani kuubadilisha.

Kasoro zenyewe hazikuwa za ajabu. Oktoba 2015, katika huduma ya posta iliyohusu kijiji cha Dalmellington nchini Skotilandi, mhudumu aliyekuwa akipokea mfuko wa fedha wa paundi 8,000 aliona skrini imeganda. Alibonyeza tena ili kuendelea, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Kila alipobonyeza, mfumo uliandika mfuko mwingine umeingia. Mara nne kwa mfuko mmoja ni paundi 32,000 kwenye kompyuta dhidi ya paundi 8,000 sandukuni, na upungufu wa 24,000 umezaliwa bila senti kuibwa. Anayejua namna mtandao unavyokatika katikati ya muamala huko visiwani Ukara au Kome hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili.

Mwingine, aliyeendesha posta ya mji wa pwani wa Bridlington, aliona mwaka 2004 upungufu ukijirundika wiki baada ya wiki hadi kufikia takribani paundi 25,000. Alipiga simu ya msaada mara 91. Shirika lilimpeleka mahakamani kwa madai, akajitetea bila wakili, na mwaka 2007 akashindwa na kutwishwa gharama za kesi zilizofikia paundi 321,000. Alifilisika. Simu 91 kutoka kaunta moja ni taarifa kamili ya hali ya mfumo, nayo ilikuwa tayari imeandikwa kwenye kumbukumbu za simu ya msaada kabla ya mkaguzi yeyote kutumwa.

Waziri na umbali wa mkono

Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wapatao 700 kati yao wakishtakiwa na shirika la posta lenyewe, maana sheria ya Uingereza inaruhusu taasisi kufungua kesi ya jinai bila kupitia mwendesha mashtaka wa serikali. Kwa hiyo mwenye mfumo alikuwa mdai, mpelelezi na mshtaki kwa wakati mmoja. Mwaka 2009 jarida la Computer Weekly lilichapisha habari za mawakala 7, na mwaka huohuo Alan Bates, wakala aliyekuwa amepoteza posta yake huko Wales, aliwakusanya wenzake katika umoja wa kudai haki. Walipowaandikia mawaziri, jibu lilikuwa moja kwa miaka mingi: uhakika wa mfumo ni suala la uendeshaji, na serikali haiingilii uendeshaji wa shirika.

Jibu hilo lina msingi wake. Sisi wenyewe tumeona mashirika ya umma yalivyoumia pale wanasiasa walipoamua nani aajiriwe na nani apewe zabuni. Ila kuna tofauti kati ya kumwachia meneja aendeshe na kumwachia meneja ajichunguze. Serikali ilikuwa mmiliki pekee wa shirika, na tangu mwaka 2012 ilikuwa na mwakilishi wake ndani ya bodi. Mwaka 2011 wakaguzi wa nje, Ernst & Young, walikuwa wameuandikia uongozi kuhusu udhaifu katika udhibiti wa watu wenye uwezo wa kuingia ndani ya mfumo. Mwaka 2013 wachunguzi walioajiriwa na shirika lenyewe, Second Sight, walitoa ripoti ya awali iliyotaja kasoro, na mwaka 2015 kazi yao ikasitishwa. Taarifa zilikuwa zikipanda juu, lakini kila zilikopita zilipimwa kwa swali la sifa ya shirika, kisha zikapozwa kabla ya kumfikia mwenye mali.

Kilichoamua mambo mwishowe ni mahakama. Mawakala 555 walifungua kesi ya pamoja, na mwaka 2019 Jaji Fraser aliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa upungufu usio wa kweli na kwamba taarifa za kaunta ziliweza kubadilishwa kutoka mbali, jambo ambalo shirika lilikuwa limelikana. Aliufananisha msimamo wa shirika na wa mtu anayeng'ang'ania kwamba dunia ni bapa. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za watu 39 kwa siku moja, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta nyingine kwa jumla, hatua nzito ambayo kwa kawaida ingeonekana ni Bunge kuingilia mahakama. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi wa kisa hiki, chini ya Sir Wyn Williams, ya Julai 2025, ilieleza madhara kwa watu, ikiwamo kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mambo haya. Fidia imepita paundi bilioni 1. Fedha hiyo inatoka kwa mlipakodi yuleyule ambaye mwaka 1996 aliambiwa kwamba hatari yote imehamishiwa kwa mkandarasi.

Upande wetu wa ziwa

Shirika la Posta Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993 na kuanza kazi 1994, baada ya Shirika la Posta na Simu kugawanywa, na leo kaunta zake zinabeba kazi nyingi kuliko barua, zikiwamo huduma za taasisi za serikali zinazokusanywa chini ya paa moja katika vituo vya Huduma Pamoja. Halina uhaba wa wasimamizi. Msajili wa Hazina anasimamia mali ya serikali, TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, inadhibiti soko, Mamlaka ya Serikali Mtandao inasimamia viwango vya mifumo chini ya sheria ya mwaka 2019, CAG anakagua kwa mamlaka ya ibara ya 143 ya Katiba, na kamati za Bunge zinahoji. Sidai kwamba kaunta zetu zina ugonjwa wa Horizon. Ninachosema ni kwamba orodha ya wasimamizi wa Uingereza ilikuwa ndefu vilevile.

Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaruhusu mfumo wa kumbukumbu za kielektroniki kudhaniwa kuwa wa kuaminika, isipokuwa kukiwa na ushahidi wa kinyume. Moja ya njia za kufikia dhana hiyo ni kuwapo kwa ushahidi kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa wakati wote unaohusika, au kwamba hitilafu yake haikugusa usahihi wa kumbukumbu. Kipengele hicho kina thamani kubwa kwa karani wa Nansio anayedaiwa upungufu, lakini thamani yake inategemea kama wakili wake, au yeye mwenyewe, anaweza kuidai orodha ya hitilafu zilizoripotiwa katika matawi mengine siku ileile. Orodha hiyo ikiwa ni siri ya kibiashara ya msambazaji, kipengele kinabaki maandishi.

Kwa hiyo ningekuwa mjumbe wa kamati inayopokea taarifa ya mfumo wowote wa kaunta, wa posta au wa taasisi nyingine yenye mawakala, ningeliahirisha swali la asilimia ya utekelezaji na kuomba nionyeshwe skrini ya kufunga hesabu. Karani aitwe, apewe hesabu yenye tofauti ya makusudi, tuone anabonyeza wapi. Kisha ningeomba idadi ya simu za msaada kwa kila tawi, si wastani wa mtandao mzima, na jina la ofisi inayochunguza upungufu, ili nijue kama ni ofisi ileile inayoudai. Na ningetaka kusoma kwenye mkataba wa msambazaji kifungu kinachosema kumbukumbu ghafi za miamala ni za nani siku mkataba utakapokwisha.

Hilo la mwisho nalitaja kwa sababu ya jambo lililonishangaza kuliko yote katika kisa hiki. Baada ya hukumu zote, sheria maalumu ya Bunge na tume ya uchunguzi, mwaka 2025 matawi ya posta ya Uingereza yalikuwa bado yakifunga hesabu zao kwa Horizon, kwa kuwa mfumo wa kuuchukulia nafasi haukuwa umekamilika.